Boti, matumbawe, watoto watatu na mama mkwe: namna ya kupanga siku moja ya bahari St. John

Mara ya kwanza tulikodi boti St. Thomas mwezi wa Januari, na mfukoni nilikuwa na orodha ya vituo saba. Saa tisa alasiri hatujafika hata cha nne, kitindamimba wangu, aliyekuwa na miaka minne, akaitapikia leso ya nyanyake. Mama mkwe hakutamka neno. Aliisuuza leso kwa maji ya bahari, akaifunga kwenye reli ya boti ipepee ikauke, kisha akakaa anatazama nchi kavu mpaka tukafika gatini.

Mwaka uliofuata tulirudi mwezi wa Juni, na vituo vitatu tu. Safari hiyo ni mama mkwe mwenyewe aliyemuuliza nahodha kama hakuna namna ya kuongeza saa moja.

Ninayoyaandika hapa yanahusu Visiwa vya Virgin vya Marekani. Unaondoka Red Hook, ncha ya mashariki ya St. Thomas, unavuka mlango wa bahari uitwao Pillsbury Sound, kisha unaifuata pwani ya kaskazini ya St. John, kisiwa ambacho zaidi ya nusu yake ni hifadhi ya taifa tangu 1956. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania ajue mapema: hii ni ardhi ya Marekani, visa inayotakiwa ni ya Marekani. Sisi tunaishi Marekani kwenyewe, jimbo la Maryland, na bado hukaguliwa uwanja wa ndege wa St. Thomas kabla ya kurudi bara, kwa hiyo hati zote nasafiri nazo.

Upepo kwanza, orodha baadaye

Nimezaliwa Mombasa, ambako mtu hapangi safari ya bahari kabla ya kuuliza maji yanajaa saa ngapi. Kule St. John, swali hilo liweke kando. Tofauti ya kupwa na kujaa ni kama sentimita 30 hivi, ufuo ni uleule asubuhi na jioni. Mwenye amri ni upepo. Unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, mchana unazidi, na Desemba hadi Januari unakaza hasa. Wenyeji wanauita upepo wa Krismasi, na ndio uliotupokea mara ya kwanza.

Sasa sikia jambo ambalo lingeiokoa ile leso. Anza na kituo kilicho mbali zaidi upande wa mashariki, asubuhi mapema, watoto wangali na nguvu na bahari haijachafuka. Kisha rudi kituo baada ya kituo, upepo ukiwa tezini, yaani nyuma ya boti. Sisi tulifanya kinyume. Tulianzia ufuo wa Trunk Bay kwa sababu ndiyo inayopendeza kwenye picha, tukala, tukajinyoosha, halafu saa nane tukaelekeza omo, mbele ya boti, kwenye upepo. Boti ikapiga mawimbi kama mtu anayetwanga kisamvu, na kilichokuwa tumboni kikaamua kutoka.

Kuhusu miezi, mimi nachagua Mei hadi katikati ya Juni. Msimu wa vimbunga huanza rasmi tarehe 1 Juni na kuisha 30 Novemba, lakini hatari kubwa iko Agosti hadi Oktoba. Irma ilivipiga visiwa hivi tarehe 6 Septemba 2017, na wiki mbili baadaye Maria akafuata. Kuna pia adui wa kimyakimya: kati ya Novemba na Aprili, mawimbi marefu ya Atlantiki hufika kutoka kaskazini hata siku isiyo na upepo, na fuo za kaskazini zikawa hazifai mtoto. Siku kama hiyo nahodha akisema twende upande wa kusini, Salt Pond au Lameshur, usimbishie. Kusini nako kuna kero yake, mwani wa kahawia uitwao sagasamu, ambao tangu 2011 umekuwa ukifurika Karibiani. Ukirundikana ufuoni na kuoza unanuka kama mayai viza.

Boti na mwenye boti

Chukua nahodha. Mume wangu amekulia Lamu, tanga analijua kuliko gari, na bado nasema chukua nahodha. Mmoja wenu lazima awe na macho ya kuwatazama watoto saa zote, na huwezi kutazama watoto huku unasoma rangi ya maji. Rangi hiyo, ukitaka kuifuata kwa raha yako, husomwa jua likiwa juu na nyuma yako: buluu nzito ni kina, nyeupe ni mchanga, kijani kilichofifia ni majani ya bahari, na hudhurungi ni mwamba unaosubiri kupasua boti ya watu.

Boti ndogo ya kukodi pamoja na nahodha wake, kwa kawaida inaruhusiwa abiria sita wanaolipa, na mtoto mchanga naye ni abiria. Sisi tulikuwa sita kamili, nikamshukuru Mungu kwamba wifi yangu hakupata likizo. Mara ya pili tulilipa dola 700 kwa boti ya futi 26, dola 250 za nahodha, na mafuta dola 130 tuliporudi. Uliza waziwazi kama mafuta yamo ndani ya bei. Mara ya kwanza hatukuuliza, na jibu tulilipata kwenye bili. Bakshishi ya nahodha ni asilimia 15 hadi 20, na wanaitarajia.

Kabla ya kulipa, nataka kujua kama kuna turubai la kivuli, ngazi ya kupandia kutoka majini (watoto wataitumia mara hamsini), choo, na majaketi ya kuokolea yenye ukubwa wa watoto. Sheria ya shirikisho inataka mtoto asiyetimiza miaka 13 avae jaketi boti inapokwenda. Jaketi la mtu mzima lililokazwa kamba si jaketi la mtoto. Mvishe, mwambie ainue mikono, kisha livute mabegani kwenda juu: likimpanda mpaka masikioni, rudisha uombe jingine.

Na uliza kama wana ndoo ya kioo. Ni ndoo ya kawaida iliyokatwa kitako, pakawekwa kioo. Unaikandamiza kidogo juu ya maji, unachungulia, na mwamba wote uko mbele yako, uso haujalowa. Kwa mama mkwe, ambaye haogelei wala hana nia ya kujifunza, ndoo hiyo iligeuza siku nzima.

Jambo dogo ambalo si dogo: kule mtu hasemi "nataka" kabla ya salamu. Ukiingia ofisini au dukani unaanza na habari ya asubuhi, kwa wote waliomo. Nimeona watalii wakihudumiwa polepole sana bila kujua kosa lao. Sisi hatuna udhuru, tumelelewa hivyo.

Kapu

Losheni ya jua ina sheria yake. Tangu mwishoni mwa Machi 2020, Visiwa vya Virgin vya Marekani vimepiga marufuku losheni zenye oksibenzoni, oktokrileni na oktinoksati, kwa sababu kemikali hizo hudhuru matumbawe. Zinazokubalika ni za madini, zinki oksidi au titani dioksidi. Soma kopo kabla hujaondoka nyumbani. Tatizo ni kwamba losheni hizi zinatuacha sisi weusi tukifanana na watu waliotoka kwenye kiwanda cha unga. Mwanangu wa kwanza, miaka kumi na mbili, alikataa katakata kupigwa picha. Dawa ni shati la kuogelea la mikono mirefu na suruali ndefu nyepesi: losheni inabaki kazi ya uso, shingo na nyuma ya miguu. Anayeelea kifudifudi huungua nyuma ya magoti, na hajui mpaka usiku.

Maji, lita mbili kwa kila mtu, na galoni moja ya ziada. Chakula usihangaike nacho. Asubuhi pale Red Hook utapata pate, na ndiyo, inatamkwa kama kisiwa chetu cha Pate. Ni unga uliokunjwa na kukaangwa, ndani nyama, kuku au samaki wa chumvi. Ukiuma unasema hii ni binamu ya sambusa. Hazimwagiki, hazihitaji kijiko, na baridi au moto zinalika. Mama mkwe alichukua za samaki, akala nne.

Dawa ya kuzuia kichefuchefu mpe mtoto saa moja kabla ya kuondoka, na kipimo umuulize mfamasia, si mimi, ingawa ni muuguzi. Mtoto anayeanza kunyamaza na kupiga miayo tayari bahari inamlevya. Msogeze tezini, katikati, upepo umpige usoni, macho yake yawe kwenye upeo wa bahari. Simu mnyang'anye.

Miwani ya kuogelea, ile inayofunika na pua, ifanyiwe kazi nyumbani, kwenye beseni la kuogea, siku nyingi kabla. Ibandike usoni bila mkanda, avute pumzi kwa pua. Ikishika bila kuanguka, inamtosha. Ikivujisha, mara nyingi ni nywele zilizonaswa pembeni; watoto wenye rasta na misuko, zifunge zote nyuma, mkanda upite juu ya fundo. Kisha akae na mrija mdomoni akipumua polepole mpaka achoke na mzaha. Miwani ya mtoto iwe yake mwenyewe. Ya kukodi ilimpwaya binti yangu safari ya kwanza, akameza maji mara moja, na hapo ikawa mwisho wa matumbawe kwake mwaka ule.

Leinster Bay, saa mbili na nusu asubuhi

Tuling'oa saa moja na nusu. Njia inapita kwenye upenyo mwembamba kati ya kisiwa kidogo cha Whistling Cay na rasi ya Mary Point, unaoitwa Fungi Passage. Fungi ndilo pia jina la sima yao ya mahindi iliyosongwa na bamia, na nahodha alishangaa kwa nini boti nzima ilicheka alipotueleza.

Ndani ya hifadhi hutupi nanga ovyo. Kuna maboya meupe yenye mkanda wa buluu. Nahodha anakuja omo ikiwa kwenye upepo, mtu mmoja anaidaka kamba ya boya, anapitisha kamba ya boti kwenye kitanzi chake na kuifunga. Mchana hulipi, kulala ndiko kunakolipiwa. Fika mapema, maboya ya ghuba hii hayakawii kujaa. Na kabla mtu yeyote hajaruka majini, injini izimwe kabisa, si iachwe ikinguruma. Rafadha haioni.

Upande wa mashariki wa ghuba kuna Waterlemon Cay, kijisiwa kilichozungukwa na mwamba hai. Upande wa ghuba maji ni tulivu, chini kuna majani ya bahari, na katikati ya majani hayo kuna viti vya pweza, wale wa rangi ya machungwa, wakubwa kama sahani ya wali. Wanatazamwa palepale walipo. Ukimtoa majini kwa ajili ya picha unamuumiza. Upande wa kaskazini wa kijisiwa kuna mkondo wenye nguvu. Huko alikwenda mume wangu na mkubwa peke yao, nahodha akiwatazama, nao wakarudi wakihema na kusimulia mambo ya mkunga, yule samaki kama nyoka, aliyetoa kichwa pangoni. Wawili wadogo walibaki kwenye majani na mimi, na hawakukosa kitu.

Ukiwa botini, geuka utazame mlimani. Mnara wa mawe unaouona ni kinu cha upepo cha Annaberg, kilichokuwa kikikamua miwa chini ya Wadenmaki, waliovitawala visiwa hivi mpaka walipoviuza kwa Marekani mwaka 1917 kwa dola milioni 25. Waliokata miwa hiyo walikuwa Waafrika watumwa. Novemba 1733 watumwa wa kisiwa hiki, wengi wao Waakwamu kutoka nchi ambayo leo ni Ghana, waliasi na kukishika sehemu kubwa kwa miezi kadhaa. Halafu tazama ng'ambo: zile nyumba ni Tortola. Waingereza walifuta utumwa huko mwaka 1834, Wadenmaki wakachelewa mpaka tarehe 3 Julai 1848. Kwa miaka hiyo kumi na minne uhuru ulionekana kwa macho, na walikuwapo waliouvukia usiku, kwa mitumbwi ya kuiba au kwa kuogelea. Nahodha wetu, mzaliwa wa visiwa hivyo, alisimulia akiwa amempa mama mkwe mgongo. Alipomaliza, mama mkwe alimuuliza, kupitia kwangu, "Mkondo huu unaouogopea watoto, wao waliuvuka gizani?" Akasema ndiyo.

Onyo la kipuuzi lakini la pesa: hapo simu hunasa mnara wa Tortola, ambayo ni ya Uingereza, na gharama za kimataifa zinaanza kuhesabika. Zima data. Na kuhusu kuvuka kwenda Tortola au Virgin Gorda siku hiyohiyo: ni nchi nyingine, kuna pasipoti, forodha, ada na foleni pande zote mbili. Na watoto wadogo, mimi sithubutu.

Maho, saa tano

Hapa ndipo mahali pa kasa. Ghuba ni ya kina kifupi, imetandikwa majani ya bahari, na kasa wa kijani huja kulisha. Nilivyoona ni kwamba watu wengi huwafukuza kasa kwa haraka zao wenyewe. Usiogelee kumwelekea. Elea bila kupiga miguu, mita kadhaa pembeni yake, subiri. Baada ya dakika chache atapanda kuvuta pumzi. Muachie njia ya kwenda juu na ya kurudi chini. Sheria ya Marekani inamlinda tangu miaka ya sabini, kumgusa ni kosa.

Sehemu ya majani ya ghuba za Karibiani siku hizi ni mgeni kutoka bahari yetu ya Hindi. Yaliripotiwa Karibiani mara ya kwanza huko Grenada mwaka 2002, na boti huyasambaza kwa nanga zake. Samaki simba, yule mwenye mapezi kama pepeo na miiba ya sumu, naye katoka maji ya Hindi na Pasifiki, na kule anasakwa kwa sababu anawamaliza vifaranga vya samaki wengine. Binti yangu alisikitika. Alitaka kujua kama na sisi tumekuja bila ruhusa.

Mama mkwe alilala kifudifudi kwenye jukwaa la tezini, ndoo ya kioo mikononi, leso kichwani. Nusu saa. Mara moja tu alizungumza: "Analisha kama mbuzi, na hana habari na mtu." Ombi lake la saa ya ziada lilitoka hapo. Tulimpa dakika arobaini, tukazikata kwenye Trunk.

Trunk Bay, kwa anayejifunza

Mchanga mweupe, minazi, picha ya kadi. Ndiyo, ni pazuri, na kwa sababu hiyo pamejaa watu wa meli za utalii ifikapo saa sita. Boti hubaki nje ya mstari wa maboya na nyinyi mnaogelea kuingia. Kuna njia ya chini ya maji ya kama mita 200, yenye vibao vilivyolazwa chini baharini vinavyoeleza tumbawe hili ni lipi na samaki yule ni nani. Matumbawe yake yamechoka kwa miguu ya watu, lakini kwa mtoto kama binti yangu, wa miaka minane na anayejua kusoma, vibao ni mchezo wa kutafuta hazina. Alimtambua pono kwa kumsikia akitafuna mwamba kabla hajamwona. Choo na maji ya kuoga yapo ufuoni, na hilo lilinifurahisha kuliko mchanga.

Vya kuogopa, kwa kifupi

Tumbawe moto lina rangi ya haradali na ncha nyeupe, linachoma kama upupu. Nungu wa baharini, wale wa miiba mirefu myeusi, usiwakanyage. Wala usiwachukie, kwa maana walipokufa kwa wingi Karibiani nzima mwaka 1983 na 1984, mwani waliokuwa wakiula ulifunika matumbawe. Simama kwenye mchanga pekee, popote penye mwamba elea.

Hatari ninayoiogopa zaidi iko nchi kavu. Ni mti uitwao manchineel, una majani ya kung'aa na matunda ya kijani kama tofaa dogo, yenye harufu tamu. Tunda lake ni sumu, utomvu wake unababua ngozi, na hata maji ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye majani yake yanaunguza. Mingine imechorwa mkanda mwekundu shinani, mingine haina. Niliwaambia wanangu: hakuna kuokota tunda lolote ufuoni, na mvua ikianza, tunalowa.

Tulirudi Red Hook saa kumi na robo, upepo mgongoni, kitindamimba kalala mapajani mwa nyanyake. Miwani, mapezi ya miguuni na majaketi tuliyasuuza kwa maji baridi ya bomba na kuyakausha kabisa, kwa sababu tangu Januari 2019 kuna ugonjwa unaoyala matumbawe magumu ya visiwa hivi, na vifaa vibichi vinaweza kuubeba kutoka mwamba hadi mwamba. Ukipanga kuogelea kisiwa kingine kesho yake, vitie kwenye maji yenye dawa ya kusafishia nguo nyeupe kwanza, kisha suuza tena. Leso ya mama mkwe haikuhitaji kitu. Ilikuwa kavu.